Tone la Mafuta Lililotundikwa Hewani

JUMAPILI iliyopita binti yangu wa miaka minane alikuwa akichana nywele mbele ya kioo, kisha akaona vipande vidogo vya karatasi mezani vikirukia kitana chake cha plastiki na kung'ang'ania huko. Akaniita kwa makelele. Nilimweleza, kama nilivyoelezwa mimi shuleni, kwamba plastiki ikisuguliwa hupata chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuta karatasi. Alinisikiliza, akafikiri kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Baba, kwa nini karatasi haianguki? Si dunia nayo inaivuta?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la kitoto. Dunia nzima, pamoja na milima yake na bahari zake, inakivuta kile kipande cha karatasi kwenda chini. Kitana cha shilingi chache kinakivuta kwenda juu. Na kitana kinashinda. Mwenye kutaka kuhakikisha na ajaribu mwenyewe, ila asichague siku ya masika hapa Dar es Salaam, kwa kuwa hewa yenye unyevu huinyonya chaji kabla haijafanya kazi. Dodoma wakati wa kiangazi jambo hili halikawii.

Lakini je, ingewezekana kukadiria mvutano wa kitana hata uwe sawasawa kabisa na mvutano wa dunia, hata karatasi isiende juu wala chini, ikabaki imetundikwa hewani bila uzi? Naam, yawezekana, na yamekwisha kufanyika. Halikuwa karatasi bali tone la mafuta, nalo lilitundikwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1909. Tone lile lilimletea mtu mmoja sifa ya ulimwengu mzima. Waliolitundika walikuwa wawili.

Kwanza tuone kwa nini watu wazima, wenye shahada zao, walihangaika na jambo kama hilo. Katika miaka ile wataalamu walikuwa wakibishana juu ya asili ya umeme. Je, umeme ni kama maji, ambayo waweza kuyagawa kadiri upendavyo, nusu kikombe, robo, tone, nusu ya tone? Au ni kama maharage, ambayo huhesabiwa moja, mbili, tatu, wala hakuna moja na robo? Mwaka 1897 Mwingereza J. J. Thomson alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kuna vijipande vidogo sana vyenye umeme, ambavyo leo tunaviita elektroni. Hata hivyo hakuna aliyekuwa amepima kwa uhakika chaji ya kimoja peke yake. Thomson na wenzake walitengeneza wingu dogo ndani ya chombo cha kioo, wakalitia chaji, wakapima jinsi lilivyoshuka. Hiyo ilikuwa sawa na kupima gunia zima la maharage na kugawanya uzito kwa hesabu ya punje. Utapata wastani, lakini wastani hauwezi kukuambia kama punje zote ni sawa au kama nyingine ni kubwa na nyingine ndogo.

Katika chuo hicho cha Chicago alikuwako mwalimu aitwaye Robert Andrews Millikan, mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa mwaka 1868. Alikuwa mwalimu hodari na mwandishi wa vitabu vya kiada, lakini alikuwa amekaribia umri wa miaka 40 bila ya kugundua jambo la kutajika, na jambo hilo lilimkera. Akaamua kuitengeneza upya njia ya wingu. Mwaka 1909 aliweka wingu lake kati ya mabamba mawili ya chuma, akaunganisha betri yenye nguvu kubwa, kwa matumaini kwamba umeme ungelizuia wingu lisishuke. Alipofungua umeme, wingu lote likatawanyika mara moja. Kazi ikawa imeharibika. Lakini alipotazama vizuri aliona matone machache ya maji yamebaki yakining'inia katikati, hayapandi wala hayashuki. Yalikuwa ni yale ambayo, kwa bahati tu, chaji zao zilikuwa na nguvu ya kuvutwa juu iliyolingana na uzito wao.

Basi hapo gunia lilikuwa limefunguka, na punje moja imebaki juu ya mizani.

Tatizo likawa maji. Tone dogo kiasi kile hukauka upesi; kabla dakika haijakwisha limekwisha kupungua uzito, na mizani ambayo bidhaa yake inayeyuka haifai kitu. Hapo ndipo anapoingia mtu wa pili. Harvey Fletcher alikuwa kijana wa miaka 25 kutoka Provo, katika jimbo la Utah. Alikuwa amekuja Chicago na mkewe kusomea shahada ya udaktari wa fizikia. Chuo kilipotaka arudie masomo yake ya awali tangu mwanzo, ni Millikan aliyemwonyesha njia ya kuingia. Nalitaja hili mapema ili tumtendee haki kila mmoja. Kijana alipoomba kazi ya utafiti, akapewa tatizo la matone yanayokauka.

Juu ya nani aliyewaza kutumia mafuta, tunazo hadithi mbili. Millikan, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1950, alisimulia kwamba wazo lilimjia ndani ya treni akirudi kutoka mkutano wa wanasayansi huko Winnipeg, Kanada, alipokumbuka kwamba mafuta ya saa yametengenezwa makusudi yasikauke. Fletcher kwa upande wake aliandika kwamba walizungumza pamoja juu ya vitu mbalimbali visivyokauka upesi, kisha yeye akaenda duka la dawa, akanunua mafuta ya saa na chupa ya kunyunyizia manukato, ile yenye mpira wa kufinya, jamaa ya mrashi wetu wa harusini. Siku hiyo hiyo akaunga-unga chombo chake, akanyunyiza mafuta, akachungulia kwa darubini ndogo. Akaona matone yakimeta kwa rangi mbalimbali kama nyota, yakichezacheza hewani. Millikan hakuwapo. Aliporudi na kuonyeshwa, furaha yake ilikuwa kubwa, na tangu hapo wakawa wakifanya kazi pamoja.

Chombo chenyewe, kilipokamilika, hakikuwa cha ajabu kwa kukitazama. Fikiria sahani mbili bapa za shaba ya njano, kila moja yenye upana wa sentimita 22, zimewekwa moja juu ya nyingine kwa nafasi ya milimita 16, kama sufuria na kifuniko ambavyo havijagusana. Sahani ya juu ina tundu dogo katikati. Mafuta hunyunyizwa juu yake, na baada ya kitambo tone moja hupenya tunduni na kuanguka katikati ya sahani mbili. Taa kali humulika kutoka upande mmoja, na mtazamaji huliona tone kama nukta ing'aayo gizani. Kwa kule kunyunyizwa na kusuguana, tone limekwisha kupata chaji, kama kitana kilivyopata. Sahani zimeunganishwa na betri yenye maelfu ya volti, na swichi iko mkononi mwa mtazamaji. Akifunga swichi, tone linaanguka polepole kwa uzito wake. Akiifungua, umeme unalivuta juu. Akirekebisha volti kwa uangalifu, linasimama.

Tuchukue mfano wa hesabu ili tuone siri iliyomo. Tone lenye upana wa elfu mbili za milimita, yaani dogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, lina uzito usioweza kupimwa na mizani yoyote ya dukani. Hewa kwake ni nzito kama asali. Huchukua dakika moja na nusu hivi kuteremka sentimita moja. Mwendo huo ndio unaofichua uzito wake, kwa kuwa George Gabriel Stokes, mtaalamu wa karne ya 19, alikwisha kutoa kanuni ya namna kitufe kidogo kinavyoanguka ndani ya hewa au maji. Tuseme tone hilo limebeba elektroni moja ya ziada. Ili kulisimamisha kati ya sahani zetu tutahitaji volti 3,600 hivi. Likibeba mbili, mzigo wa kuinua ni ule ule lakini mikono ya kuvutia imekuwa miwili, kwa hiyo volti 1,800 zitatosha. Likibeba tatu, volti 1,200. Nne, 900. Tano, 720.

Sasa angalia kisichomo katika orodha hiyo. Hakuna 2,500. Hakuna 1,500. Kama umeme ungekuwa kama maji, tone lingeweza kubeba kiasi chochote, na kwa hiyo lingesimama kwa volti zozote, leo hizi, kesho zile. Walakini tone lilikataa. Kila mara Millikan na Fletcher walipolibadilisha chaji, kwa kusogeza karibu yake kipande cha radiamu au mashine ya eksirei, liliruka kutoka ngazi moja hadi nyingine, wala halikusimama katikati ya ngazi. Mtu aliyekodoa macho gizani kwenye ile darubini aliweza kuona kwa macho yake elektroni moja ikiingia au kutoka: tone lililokuwa limetulia likaanza kwenda, ghafla, bila ya kuguswa. Kwa maoni yangu hakuna jambo la uzuri kuliko hilo katika historia nzima ya umeme, nami nasikitika kwamba vitabu vingi vya shule hulimaliza kwa mistari mitano na mchoro.

Miongoni mwa waliokuja kuchungulia alikuwamo Charles Steinmetz, mhandisi mashuhuri wa umeme aliyekuwa haamini kwamba elektroni zipo. Fletcher anasema alitazama kwa muda, kisha akaondoka akikiri kwamba asingeamini kama hangeona.

Napenda niongeze kwamba kusimamisha tone kabisa ni kazi ngumu kwa jicho, kwa kuwa kitu kinachokwenda polepole mno chaweza kudhaniwa kimesimama. Kwa hiyo baadaye waliacha kutegemea kusimama pekee, wakawa wanaliachia tone lishuke, wanalipandisha, wanaliachia tena, huku wakihesabu sekunde za kila safari. Tone moja liliweza kukaa chini ya macho yao kwa saa kadhaa. Jioni moja Millikan alikuwa amealika wageni nyumbani kwa chakula, akampigia mkewe simu kwamba hatafika kwa wakati, kwani ameiangalia ioni kwa saa moja na nusu na lazima amalize. Kwa Kiingereza maneno hayo yanasikika kama "kufua na kupiga pasi". Mgeni mmoja akaenda kutangaza mjini jinsi mke wa profesa alivyobahatika kupata mume anayefua nguo. Akina mama wasomaji wa ukurasa huu wataamua wenyewe kama mgeni yule alikosea kwa kusikia tu, au pia kwa kutumaini.

Sasa nifike kwenye siku ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Kiangazi cha mwaka 1910 taarifa ya kwanza juu ya matone ya mafuta ilikuwa tayari kuchapishwa. Fletcher alikuwa amefanya kazi kubwa katika kuiandika, naye alitazamia majina yao mawili yawe juu yake. Millikan akamtembelea nyumbani, jambo ambalo halikuwa desturi, kwa kuwa aghalabu mwanafunzi ndiye aliyekwenda kwa mwalimu. Alimkuta kijana akimwangalia mtoto wake mchanga. Mwalimu akaeleza. Kwa kanuni za chuo, mwanafunzi aliweza kutumia makala iliyochapishwa kuwa tasnifu yake ya shahada, lakini kwa sharti kwamba jina lake liwe peke yake. Kulikuwa na makala tano zilizotarajiwa kutoka katika kazi yao. Millikan akapendekeza kwamba moja, iliyohusu mtikisiko wa chembe ndani ya gesi, iwe ya Fletcher peke yake. Na ile ya chaji ya elektroni iwe ya Millikan peke yake.

Fletcher aliona wazi kilichokuwa kikifanyika. Ile ya elektroni ndiyo ambayo dunia ingeikumbuka. Lakini alikuwa na mke, mtoto mikononi, shahada ambayo haijapatikana, na mbele yake alisimama mtu ambaye bila ya msaada wake asingekuwamo chuoni. Akakubali. Mwaka 1911 alipata shahada yake kwa heshima za juu kabisa, na mwaka 1923 Millikan alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kupima chaji ya elektroni na kwa kazi yake juu ya mwanga na umeme.

Wako watakaosema mapatano ni mapatano. Mimi nasema mapatano kati ya mwenye kalamu ya kutia sahihi na mwenye mtoto wa kulea hayapimwi kwa mizani iliyo sawa, na kila aliyewahi kufanya kazi chini ya mkubwa ajuaye kuandika ripoti kwa nafsi ya kwanza atanielewa. Hata hivyo hatuwezi kumfanya Millikan kuwa mwizi. Yeye ndiye aliyeanzisha njia ya tone moja, na ndiye aliyeendelea na vipimo kwa miaka baada ya Fletcher kuondoka, hata akatoa mwaka 1913 tarakimu zilizotumiwa ulimwenguni kote.

Juu ya tarakimu hizo pia pana maneno. Huko Vienna, Felix Ehrenhaft alidai kwamba ameona chaji ndogo kuliko ya elektroni, na ugomvi wao ulidumu kwa miaka mingi. Katika makala yake ya 1913 Millikan alitoa matokeo ya matone 58, akasisitiza kwamba hayakuchaguliwa, bali ni yote yaliyopimwa kwa siku 60 mfululizo. Mwaka 1978 mwanahistoria Gerald Holton alichapisha uchunguzi wa madaftari yake ya maabara, na humo alikuta zaidi ya matone 100. Kando ya matone mengine Millikan alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba hili ni zuri, lichapishwe. Kando ya mengine, kwamba lina kosa, halitatumika. Waliofanya hesabu upya wakiyaingiza yaliyoachwa walikuta kwamba jibu halibadiliki sana. Elektroni haikudanganywa. Sentensi ile kwamba hayakuchaguliwa ndiyo isiyosimama.

Kosa la kweli lilikuwa mahali pasipotazamiwa: katika hewa. Ili kupata uzito wa tone kutokana na mwendo wake, ni lazima ujue mnato wa hewa, na kipimo cha mnato alichokitumia kilikuwa pungufu kidogo. Chaji yake ya elektroni ikatoka pungufu kwa sehemu 6 hivi katika 1,000. Kosa hilo lilidumu hadi miaka ya 1930, hewa ilipopimwa upya. Mwanafizikia Richard Feynman, akihutubia wahitimu huko California mwaka 1974, aliwakumbusha kwamba waliofuata baada ya Millikan walipanda kuelekea jibu sahihi hatua kwa hatua, kila mmoja juu kidogo ya mwenzake, badala ya kulifikia mara moja. Aliyepata jibu lililo mbali na la Millikan alijitilia shaka, akatafuta kosa lake mwenyewe mpaka akalipata. Aliyepata lililo karibu hakutafuta. Jina kubwa nalo lina uzito wake.

Leo chaji ya elektroni haipimwi tena. Tangu tarehe 20 Mei, 2019, imewekwa kuwa tarakimu isiyobadilika ambayo kwayo kipimo chenyewe cha ampea kinafafanuliwa. Ukiwasha tochi ndogo inayopitisha ampea 0.3, elektroni zinazopita katika taa kwa sekunde moja zakaribia milioni milioni milioni mbili, na kila moja ina chaji ile ile iliyosimamisha tone la Chicago.

Na Fletcher? Alikwenda kufanya kazi katika kampuni ya simu, akachunguza sauti ya binadamu na sikio lake, akasaidia kuunda vifaa vya kuwawezesha viziwi kusikia, na kazi yake ni miongoni mwa msingi wa redio na santuri zinazotoa sauti pande mbili. Alipata heshima nyingi kwa hayo. Juu ya mafuta na Millikan alinyamaza. Uzeeni aliandika kisa chote, akampa rafiki yake, kwa sharti kwamba kisichapishwe hadi yeye awe amekufa, ili pasiwe mtu wa kudhani kwamba anatafuta faida. Humo hakumtukana mwalimu wake. Alisema kwamba hana kinyongo naye, na kwamba Millikan alimfadhili sana. Alikufa Julai 1981, akiwa na miaka 96. Kisa kikachapishwa Juni 1982, zaidi ya miaka 70 baada ya mwalimu kubisha hodi.